Wino kwa Mizani ya Sonara

Ukitaka kujua gesi iliyobaki kwenye mtungi, unaunyanyua. Mtungi hauonyeshi ndani, na jiko halisemi kitu mpaka mwali uanze kunywea huku maharage yakiwa bado magumu. Mkono ndio uliojifunza: ukiinua tu, unajua kama utafika mwisho wa wiki. Wengine huumwagia maji ya moto ubavuni, kisha wakapapasa kutafuta pale chuma kinapogeuka baridi. Enzi za chemli tulitikisa, sikio likasoma mafuta.

Sikuwahi kuiwazia printa kwa namna hiyo mpaka Ijumaa moja nilipompelekea jirani yangu flashi yenye barua ya kikao cha harusi. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Hapa mtaani kwetu Tanga, watoto wa darasa la saba huenda kwake tuisheni. Nilimkuta kavua miwani, kainamia mizani ndogo ya kidijitali, ya aina wanayotumia masonara kupimia dhahabu, na juu yake imelala katriji ya wino mweusi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usiegemee meza."

Mizani ile inasoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Meza ikiguswa, namba inacheza. Nilisimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Akangoja namba itulie, akaiandika kwenye daftari, akaiondoa katriji, akairudisha, akasoma mara ya pili. Zilipolingana ndipo alipopokea flashi yangu.

Nimekaa naye Ijumaa nyingi tangu siku hiyo. Kujaza wino nimejifunza, lakini kujaza ni kazi ya dakika kumi na wengi wanaiweza. Vijana wa steshenari wanajaza huku simu iko begani. Kinachonirudisha kwa Mwalimu ni yale yanayotangulia sindano na yanayoifuata: namna anavyojua, bila kuona, ndani mna kiasi gani.

Printa yake ni Canon ndogo ya PIXMA inayotumia katriji mbili, PG-445 ya wino mweusi na CL-446 ya rangi. Nyeusi ikiwa mpya ina mililita 8. Hicho ni kijiko kimoja cha chai na nusu, na ushee kidogo. Kwa wino huo kiwanda kinakuhesabia kurasa 180 hivi za maandishi ya kawaida. Mwalimu, ambaye hawezi kuona namba mbili bila kuzigawanya, alishanifanyia hesabu: mililita moja ni kurasa 22 na nusu. Watoto wake ni 30 na jaribio la kila wiki lina kurasa mbili, kwa hiyo kila Ijumaa zinaondoka karibu mililita 3. Katriji mpya haimalizi mwezi. Na bei ya katriji mbili mpya ikishakaribia bei uliyonunulia printa, anasema, unaanza kujiuliza ulinunua nini.

Siku ile kompyuta ilikuwa inalalamika. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya katriji mbili, ile nyeusi ina alama ya kwamba wino umekwisha. Nikamwonyesha.

"Hiyo haioni," alisema. "Inakumbuka tu."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Katriji za aina hii hazina jicho ndani, wala boya kama la tangi la maji. Printa inahesabu. Kila tone inalorusha ni la pikolita chache, na pikolita ni lita moja iliyogawanywa mara trilioni. Printa inajua imerusha matone mangapi na imejisafisha mara ngapi, inatoa kwenye jumla iliyoanza nayo, na inayobaki ndiyo inakuonyesha kama picha. Hesabu ikifika mwisho inatangaza kwamba wino umekwisha, hata kama ndani bado mna wino, na ukiongeza kwa sindano haina habari. Ni kama daftari la duka linaloandika mauzo tu, halina ukurasa wa mzigo ulioingia. Rafu zimejaa, daftari linasema hatuna kitu.

Kwenye Canon hizi njia ya kuendelea ipo: unakibonyeza kitufe cha kusimamisha na kukishikilia kwa sekunde 5 au zaidi. Printa inakubali, inaacha kufuatilia kiwango cha katriji hiyo, na kuanzia hapo haitakuonya tena. Wengi hapo wanajiona wameshinda. Mwalimu anaita hiyo kumpa mlinzi likizo. Mlinzi akishaondoka, anayelala mlangoni ni wewe.

Na kitu cha kulinda kipo. Kwenye katriji hizi kichwa cha kuchapia kimeungana na katriji yenyewe; ni kile kibamba chembamba upande wa chini, ambacho mtoto akikigusa kwa kidole chenye mafuta Mwalimu hupandisha sauti. Kina nozeli ambazo jicho halizioni moja moja, na kwenye kila nozeli kuna kipasha joto kidogo. Umeme ukipita, wino unaokigusa unachemka ghafla, povu linafura na kulisukuma tone nje, kisha linasinyaa na wino mwingine unaingia mahali pake. Hayo yanatokea mara maelfu kwa sekunde moja. Wino huohuo ndio unaokipoza kifaa, kama maji ya rejeta. Ukikosekana, kipasha joto kinawaka kikavu, sufuria tupu juu ya moto, na kikishaungua hakuna sindano itakayokifufua. Mimi niliua katriji mbili kwa njia hiyo kabla sijamjua Mwalimu, nikadhani nimeuziwa wino mbaya. Wino mbaya nao niliuziwa, ila hicho ni kisa kingine.

Asili ya mtambo huu inamfurahisha Mwalimu kuliko mtambo wenyewe. Mwaka 1977, katika maabara ya Canon kule Japani, mtafiti Ichiro Endo alikuwa kazini pale chuma cha kulehemu, kikiwa bado cha moto, kilipogusa kwa bahati mbaya sindano ya bomba lililokuwa na wino. Wino ukaruka kutoka kwenye ncha. Mtu mwingine angefuta meza akaendelea na yake. Yeye akauliza kwa nini umeruka. Kutokana na swali hilo zikaja printa ambazo Canon iliziita Bubble Jet, na BJ-80 ikaingia sokoni mwaka 1985. Marekani nako, HP walikuwa wamelifikia wazo hilo kwa njia yao, na ThinkJet yao ilitoka mwaka 1984.

"Umeona," Mwalimu aliniambia, akilinyanyua bomba lake la sindano kwenye mwanga wa dirisha. "Lilianza hili."

Bomba lake ni la mililita 10, la duka la dawa, na sindano yake ameikata ncha kwa tupa isitoboe kitu ndani. Anauvuta wino polepole huku ncha ikiwa imezama kabisa kwenye chupa. Kisha analigeuza ncha juu, anagongagonga ubavuni kwa ukucha mpaka viputo vyote vipande, anavitoa, anafuta ncha kwa tishu. Hewa ikiingia kwenye sponji, anasema, ni mpangaji asiyelipa: anakaa mahali pa wino na hatoki.

Katriji inalala kwenye karatasi ya chooni iliyokunjwa mara nne, kichwa kikiwa chini. Lebo ya juu ameshaibandua. Chini yake kuna kitundu. Sindano inaingia taratibu, inapita kwenye sponji kama inavyopita kwenye ndizi iliyoiva, mpaka karibu na sakafu. Hapo anaanza kusukuma, na ndipo utakapochoka kumtazama ukiwa mtu wa haraka. Anasukuma kiasi cha tone, anangoja. Tone, anangoja. Kila baada ya muda anaivuta sindano juu kidogo, ili wino usirundikane chini huku sponji ya juu ikiwa kavu. Sponji inanyonya kwa mwendo wake, na ukiilazimisha wino unatafuta njia nyingine. Mara ya kwanza nilipomwona nilihesabu: mililita 6 zilimchukua karibu dakika nane.

"Mbona usimalizie mpaka ijae?" nilimuuliza.

Akanisimulia kidau. Alipokuwa shule ya msingi, miaka ya mwanzo ya uhuru, madawati yalikuwa na tundu kwenye kona, na ndani ya tundu kilikaa kidau cha wino. Yeye alikuwa kiranja wa wino: asubuhi anapita na chupa kubwa, dawati kwa dawati. Wiki ya kwanza alivijaza vidau mpaka mdomo, akidhani ni ukarimu. Kalamu zikazama hadi kwenye mti, vidole vikawa vya bluu, daftari zikawa na madoa, na aliyechapwa ni kiranja. Wiki ya pili akajifunza kujaza theluthi mbili.

Sponji ndani ya katriji ina sababu hiyohiyo, na zaidi. Inaushikilia wino kwa mvutano wa vitundu vyake vidogo, kama godoro lililolowa ambalo halitoi maji mpaka ulikalie. Mvutano huo ndio unaozuia wino usidondoke wenyewe kupitia nozeli zilizo wazi kule chini. Ukijaza kupita kiasi mvutano unapotea, na katriji inaanza kulia matone ndani ya printa. Kwa hiyo Mwalimu anasubiri dalili moja: wino kung'aa ndani ya kitundu, tone dogo kama jicho la mjusi. Likionekana, anavuta nyuma kidogo kwa bomba lilelile mpaka jicho lizame, anafuta, halafu anarudi kwenye mizani.

Na sasa mizani inasema kitu. Wino wa printa sehemu kubwa ni maji, uzito wake unazidi wa maji kidogo tu, kwa hiyo gramu na mililita zinakwenda pamoja. Kama katriji imeongezeka gramu 6 na kitu, basi mililita 6 zimeingia kweli. Ikiongezeka 4 ilhali bomba linasema 6, mbili ziko mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni karatasi ya chooni iliyo chini. Niliwahi kumwona akiipima na karatasi yenyewe.

Daftari lake lina safu tano: tarehe, uzito kabla, uzito baada, kurasa zilizochapwa, na safu pana aliyoiandika "mengineyo". Uzito wenyewe siutaji hapa kwa sababu hautakusaidia. Kila katriji ina wake, na ya kwako utaipima mwenyewe. Kinachofaa ni namna alivyoupata mpaka wa chini. Mara moja tu, kwa makusudi, aliiacha katriji itumike huku akiipima kila baada ya kurasa kumi, mpaka mstari wa kwanza ulipotoka umefifia. Akasimama palepale. Akaupima uzito huo, akaongeza gramu moja juu yake, akapiga mstari mwekundu. Katriji yake haishuki chini ya mstari huo. Wino mwingine bado umo kwenye sponji hata pale, kwa sababu sponji haitoi wote, lakini huo anauita amana, haugusi.

Safu ya "mengineyo" ndiyo ninayoipenda. Humo kuna siku ambayo katriji ilipungua ilhali hakuna ukurasa uliochapwa. Sababu, aliandika, mjukuu alibonyeza kusafisha vichwa mara tatu akitafuta mchezo kwenye kompyuta. Kusafisha kunakula wino kwelikweli. Printa inaufyonza kutoka kwenye nozeli na kuumwaga kwenye sponji ya taka iliyo chini ya tumbo lake, na hiyo taka nayo haionekani wala haipimwi: inahesabiwa. Hesabu yake ikijaa, Canon inasimama na kuandika 5B00, nayo ina haki, ingawa nayo haijachungulia. Kuna pia wiki ya majaribio ya maumbo, pembetatu zilizotiwa rangi nyeusi ndani, ambapo kurasa 60 zilikula kama 100. Tangu hapo pembetatu zake zina mistari ya mshazari tu. Watoto hawajui kwamba waliokoa mililita.

Wino mweusi unapimika hivyo kwa sababu ni mmoja. Katriji ya rangi ndiyo mtihani. Ndani ina vyumba vitatu, kila kimoja na sponji yake: samawati, majenta, njano. Mpya ina mililita 9 kwa jumla. Kompyuta inakuonyesha picha moja kwa rangi zote, na mizani inakupa uzito mmoja.

"Mlinganyo mmoja, visivyojulikana vitatu," Mwalimu alisema, kwa furaha ya mtu aliyepata swali zuri. "Ukimpa mwanafunzi atakuambia haiwezekani."

Jibu lake lilikuwa rahisi kiasi kwamba niliona aibu. Hajazi rangi zote kisha akapima. Anajaza moja, mpaka jicho la mjusi, anavuta nyuma, anapima. Anajaza ya pili, anapima. Ya tatu, anapima. Kila chumba kinaishia kwenye kiwango kilekile kilichoishia mara iliyopita, kwa hiyo kilichoingia leo ndicho kilichotumika. Milinganyo mitatu. Kwenye daftari lake mwezi wa kadi za michango ya harusi majenta iliongoza kwa mbali, kwa sababu mtaani kwetu bibi harusi bila maua mekundu hajaolewa. Mwezi wa ramani za jiografia ikaongoza samawati: bahari.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna kijiti cha meno. Vitundu vitatu chini ya lebo vinafanana, mpangilio wake hutofautiana kwa aina za katriji, na hakuna kosa lisilosameheka kama kukosea chumba. Anachovya kijiti safi kwenye kila kitundu, anakipangusa kwenye karatasi nyeupe, anatazama rangi, anaandika herufi kando ya kitundu kwa kalamu. Anafanya hivyo kila mara, hata kwa katriji ambayo ameijaza mara sita. Mimi niliwahi kujiamini. Nilimimina samawati kwenye njano, si nyingi, labda nusu mililita, na kwa wiki tatu kila jua lililochapwa nyumbani kwangu lilikuwa la kijani. Njano ni rangi dhaifu. Ikiguswa na nyingine haijitetei.

Na kuna kipimo kimoja kisichohitaji mizani. Anakunja tishu kavu, anaigusisha na kichwa cha katriji ya rangi, anabana kidogo, anahesabu mpaka tatu, anaondoa. Kwenye tishu inabaki mihuri mitatu: mstari wa samawati, wa majenta, wa njano. Chumba kilichoshiba kinaacha mstari mpana unaotanuka huku ukiutazama. Chenye njaa kinaacha uzi. Kilichoziba hakiachi kitu. Hapo unasoma kwa jicho kile ambacho mizani haiwezi kukutenganishia, na tishu zile Mwalimu anazikausha na kuzibandika kwenye daftari kwa selotepu, kila moja na tarehe yake. Ukifungua kurasa hizo haraka unaona mistari inapanuka na kusinyaa.

Zipo katriji ambazo kweli zina jicho, na Mwalimu anayo moja kabatini, imekwisha kazi, anaitumia kufundishia. Ni ya Canon ya zamani, aina ya CLI-8, yenye plastiki inayopitisha mwanga: nusu ina sponji, nusu ni chumba kitupu cha wino unaouona unavyocheza. Chini ya chumba hicho kuna kipande cha plastiki chenye pembe, prizimu. Printa inakimulika kutoka chini. Wino ukiwepo, mwanga unapenya na kupotelea ndani ya wino. Ukikauka, mwanga unagonga pembe, unageuka, unagonga nyingine na kurudi ulikotoka, na kitambuzi kinaupokea. Aliniambia niitazame kwa chini huku nikiijaza maji: pembe iliyokuwa inang'aa kama kioo ikafa palepale maji yalipoifikia. Nilirudia mara nne kama mtoto. Lakini hata jicho hilo linajua jambo moja tu, kwamba wino umefika pale au haujafika. Vingine vyote, robo, nusu, robo tatu, bado ni kuhesabu matone.

Wenye viwanda wenyewe mwishowe waliona watu wanavyohangaika. Mwaka 2010 Epson ilianza kuuza Indonesia printa zenye matangi ya wino yanayoonekana kwa nje na chupa za kumiminia, nchi ambayo watu walikuwa wameshazoea kuunganisha mirija na chupa zao kwenye printa. Canon na HP wakaja na za kwao baadaye. Steshenari nyingi hapa mjini sasa zina hizo, na sioni sababu ya kuzibeza: kuna mstari wa juu, mstari wa chini, na wino katikati yake, mtu yeyote anaona. Mwana wa Mwalimu amemwahidi moja. Mwalimu amesema ailete. Akaongeza kwamba hata hizo, ukimimina wino unaulizwa na printa kama umejaza, na ukijibu ndiyo inaamini. Kwa hiyo mtu mwongo anaweza kuwa na tangi tupu lililojaa kwenye kioo.

Kuhusu wino wenyewe sitasema sana. Weusi wa PG ni wa pigmenti, chembe zinazokaa juu ya karatasi. Rangi nyingine ni za kuyeyuka. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia weusi wa kuyeyuka akiapa ni uleule, na barua niliyochapa ikashikwa na mkono wenye jasho, maneno yakahama. Mwalimu anajaribu kila chupa mpya kwa mstari mmoja kwenye karatasi, anaacha ukauke, anaupitishia kidole chenye maji. Anaandika jibu ubavuni mwa chupa.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika printa ikiwa katikati ya kazi. Hiyo ndiyo hali anayoihofia kuliko zote. Printa ikimaliza kazi vizuri inazirudisha katriji kwenye kona yake na kuzifunika vichwa kwa mpira; umeme ukikatika zinabaki katikati ya reli, wazi, na wino unaanza kukaukia kwenye nozeli. Aliwasha tochi ya simu, akafungua mfuniko, na kwa bahati zilikuwa mahali mkono unapofika. Akazichomoa zote mbili. Ana kopo la plastiki lenye mfuniko, ndani mna tishu iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, imekamuliwa ibaki na unyevu tu. Akazilaza humo, akafunga.

Umeme ulirudi saa nne usiku. Nyeusi ilikuwa salama. Alichapa kurasa 11 zilizobaki na mizani ikapungua nusu gramu, kama alivyotarajia. Ya rangi, alipoibana kwenye tishu, ilitoa mistari miwili. Mahali pa njano palikuwa peupe.

Nilidhani atabonyeza kusafisha. Hakubonyeza. Aliipima kwanza: uzito ulikuwa palepale pa jana, kwa hiyo njano ilikuwemo, haikutoka popote. "Hana njaa huyu," alisema, "amefungwa mdomo." Akabadilisha tishu ya kopo, safari hii kwa maji ya vuguvugu, akaikalisha katriji na kichwa kikigusa unyevu, akaniambia nikalale.

Asubuhi nilipita kabla ya kwenda kazini. Alikuwa amekwisha kunywa chai na daftari liko wazi. Aliitoa katriji, akaikausha, akaibana kwenye tishu mpya, akahesabu mpaka tatu. Samawati pana, majenta pana, na kando yake uzi wa njano, mwembamba, umekatika mara mbili. Tuliutazama wote kwenye mwanga wa dirisha. Haukutanuka.

Akaibandika tishu, akaandika tarehe, na kando ya uzi wa njano akaandika "bado". Kisha akairudisha katriji kwenye kopo na kutafuta mfuniko.